Kula kidogo kidogo, upumue vizuri
Ukiishi na ugonjwa sugu wa mapafu, achana na mlo mmoja mkubwa. Tumbo likijaa sana husukuma juu kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, nayo mapafu hukosa nafasi ya kutanuka. Ndiyo maana wengi huanza kuhema chakula kikiwa nusu, wakakiacha. Gawa chakula mara 5 au 6 kwa siku, na uanze na vyenye protini kabla hujachoka. Vinywaji viache hadi mwisho. Pumzika kwanza, keti wima. Kama unatumia oksijeni ya mrija wa puani, tafadhali usiuvue wakati wa kula. Kutafuna nako kunahitaji hewa. Uzito ukipungua bila kukusudia, mwambie daktari mapema.