Kumchua Mtoto Mchanga kwa Mafuta ya Nazi

Mkono uwe mwepesi, wanangu. Nimekuwa mkunga hapa Tanga hadi kustaafu, na bado wazazi wa mtaani wananiletea vichanga niwachue. Mtoto hanyooshwi. Kumbana pua ichongoke, kumfinya kichwa kiwe duara, kumkamua matiti yaliyovimba, acheni kabisa. Matiti hayo yamevimba kwa homoni za mama na yatanywea yenyewe. Ukiyakamua yanaweza kutunga usaha.

Kumwogesha, subirini saa 24 zipite. Ule utando mweupe aliozaliwa nao unamlinda ngozi. Ngozi ikibabuka wiki ya kwanza, ni kawaida, msiisugue kwa dodoki.

Mafuta napenda ya kupika nyumbani. Kuna nazi, kamua tui zito, bandika moto mdogo, koroga mpaka mabaki ya chini yawe ya kahawia na mafuta yaache kutatarika. Yakiwa bado yanatatarika, maji yamo, na mafuta hayo yatachacha upesi. Chuja kwa kitambaa safi, tia kwenye chupa kavu. Kafuri na manukato usitie.

Mchue akiwa macho na ametulia, kama nusu saa baada ya kunyonya. Ziba upepo, vua pete, nawa, sugua mafuta viganjani yapate joto. Mlaze kwenye khanga juu ya mapaja yako. Anza na miguu: zungushia kiganja pajani, teremka taratibu hadi kwenye unyayo, kisha mguu wa pili. Tumboni panda upande wake wa kulia, vuka juu ya kitovu, shuka kushoto. Mara nyingi utasikia gesi ikitoka. Utosi usiubonyeze. Kitovu kama hakijakatika, kiache kikavu, bila mafuta wala majivu. Akilia au akigeuza uso, basi, hataki, mfunike.

Ukimaliza, futa mikunjo ya shingo, makwapa na kinena, ndiko anakochubuka.

Na nguo zake msizihifadhi na vidonge vya naftalini. Huku pwani wapo watoto wengi wenye upungufu wa G6PD, yaani kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na mvuke wa vidonge hivyo unaweza kuwavunjavunja chembe za damu wakapata manjano kali, ngozi na macho yakawa ya njano. Mtoto akiwa na manjano siku ya kwanza, au ikifika viganjani na kwenye nyayo, msimwanike juani. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.