Jinsi ya kuongoza kipindi cha jehanamu jumuiyani

Swali la moto wa milele likiibuka jumuiyani, jua kuna mtu amefiwa. Sisi huku Tabata tunakutana Jumamosi saa 12 asubuhi, kabla watu hawajatawanyika kwenda Kariakoo na Buguruni kutafuta riziki, na tangu nipewe kuongoza sijaona mtu akiuliza habari hizi kwa kutaka elimu tu. Anayesema "hivi kweli Mungu mwema anaweza kumchoma mtu milele?" ana kaka aliyemalizwa na gongo, au mama yake mzazi alikuwa Muislamu wa Kilwa na amezikwa Kiislamu. Kwa hiyo kazi ya kwanza inafanyika kabla ya kipindi. Mpitie kwake jioni, keti, kunywa chai yake, halafu muulize aliyemfia ni nani. Usimuulize mbele za watu. Ukishajua ni nani, utajua pia maneno gani usiyaseme.

Wiki ya matanga usiguse kabisa mada hii. Niliwahi kusimama makaburini, jeneza bado liko juu, mhubiri akashika maiki akatutangazia marehemu yuko wapi muda ule. Mama wa marehemu alikaa chini pale pale kwenye udongo, kanga ikamtoka kichwani, wifi yake akaiokota, akaikung'uta, akamfunika tena. Mhubiri hakunyamaza. Hata anayeamini adhabu ya milele kwa moyo wake wote hana andiko linalompa orodha ya majina. Hili liwe sharti la kwanza la kikao, ulitamke mapema: hakuna kutaja jina la mtu, awe hai au amekufa.

Halafu andaa maandiko. Mimi nayaandika kwenye vikaratasi na kuvigawa watu wanapoingia, ili wasomaji wawe wengi, kwa sababu kila jumuiya ina yule baba mmoja ambaye ukimwachia Biblia mtaondoka saa 4. Pia usiyapange mafungu mawili kama watu wanavyozoea. Yako matatu.

Fungu la kwanza ni adhabu isiyo na mwisho: Mathayo 25:46, Marko 9:48, Ufunuo 14:11 na 20:10. La pili ni kwamba mwisho wa yote Mungu atawarejesha wote: Warumi 5:18, 1 Wakorintho 15:22, Wakolosai 1:20. La tatu ni kwamba waovu watateketea, wasiwepo tena: Mathayo 10:28 na 2 Wathesalonike 1:9. Hili la tatu ndilo wanaloamini majirani zetu Wasabato, na bila shaka mmoja wao ameolewa au ameoa kwenye jumuiya yako. Mpe nafasi. Atakusomea Yuda 7, kwamba Sodoma iliadhibiwa kwa moto wa milele, kisha atauliza kama Sodoma inawaka hadi leo. Usimcheke, hata John Stott, Mwanglikana wa Uingereza anayeheshimika sana kwa walokole, aliandika mwaka 1988 kwamba anaelekea upande huo.

Sasa kanuni ninayoipenda kuliko zote: mtu asome andiko linalomsumbua yeye, siyo linalomsaidia. Mwenye huruma nyingi mpe Mathayo 25:46. Adhabu ni ya milele, uzima nao ni wa milele, katika sentensi moja. Augustino, mwalimu wa kanisa la kale, alishalishika hili zamani, akasema ukiufupisha upande mmoja huna budi kuufupisha na wa pili. Mwache mtu huyo ajibu hapo, asirukie "Mungu ni upendo". Mwenye ukali naye mpe 1 Wakorintho 15:22, aeleze kwa nini "wote" wanaokufa katika Adamu ni wote kweli, ila "wote" watakaohuishwa katika Kristo ni baadhi. Akiwa msomaji mzuri atashuka mstari wa 23, "walio wake Kristo", na hapo mjadala unaanza kunoga. Kwetu Wafilipi 2:10 ndiyo ilikula muda kuliko yote. Kila goti litapigwa, sawa, lakini kwa kulazimishwa au kwa kupenda? Fundi wetu mmoja wa magari, ambaye huwa hasemi kitu, alisema goti la kulazimishwa halimpi Mungu utukufu wowote. Mama wa kwaya akamjibu kwamba mashetani nao wanaamini na kutetemeka, asome Yakobo 2:19. Usiingilie wakifika hapo. Kaa kimya uwasikilize.

Angalia sana Luka 16, tajiri na Lazaro. Watu wataikimbilia kama jibu la mwisho. Waonyeshe kwamba tajiri yuko kuzimu wakati ndugu zake watano bado wako nyumbani wanakula. Siku ya hukumu haijafika bado, kwa hiyo habari ile haituambii mateso yatakwisha au hayatakwisha. Inachotuambia wazi ni habari ya maskini aliyelala getini, ila sisi wenye mageti huwa tunaupita haraka mstari huo.

Historia ipitie kwa dakika chache tu, inatosha kuwaonyesha kwamba ugomvi huu haukuletwa na intaneti. Origen wa Aleksandria, mwalimu wa kanisa la kale, alifundisha urejesho wa wote katika karne ya 3, na jina lake likaorodheshwa pamoja na wazushi katika mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Konstantinopoli mwaka 553, karibu miaka 300 baada ya kufa kwake. Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4, alitumaini jambo linalofanana na hilo, lakini yeye anaitwa mtakatifu hadi leo.

Kisha sema bila kumung'unya kanisa lako linafundisha nini. Sisi Walutheri tunalo Ungamo la Augsburg, hati ya imani yetu ya mwaka 1530, na sehemu ya 17 inawakataa wanaosema mateso ya waliohukumiwa na ya mashetani yatakuwa na mwisho. Imani ya Mitume na ile ya Nikea tunazokiri ibadani zinasema Kristo atawahukumu walio hai na waliokufa, ila hazisemi adhabu itadumu muda gani. Imani ya Athanasio, ungamo jingine la kale, ndiyo inasema: moto wa milele. Ukiwa Mkatoliki, fafanua toharani mapema, maana watu huichanganya na wokovu wa wote. Toharani ni ya waliokwisha kuokolewa wanaotakaswa, siyo mlango wa nyuma wa jehanamu.

Utaulizwa na habari ya mababu. Wamisionari wa Kilutheri walifika Dar es Salaam mwaka 1887. Je, Mzaramo aliyekufa mwaka 1886? Hapa usibuni. Soma 1 Petro 3:19 na 4:6, Kristo akiwahubiri roho waliokaa kifungoni, na habari njema kuhubiriwa hata kwa waliokufa. Waambie wafafanuzi hawajawahi kukubaliana juu ya mistari hiyo, halafu nyamaza.

Wewe mwenyewe unaaminije? Watakubana tu. Mimi nafundisha kama Ungamo linavyosema, na nawaombea watu wote, kwa sababu 1 Timotheo 2 inaniamuru kwanza niwaombee wote, ndipo mistari michache baadaye inasema Mungu anataka wote waokolewe. Kuna waliotaka nichague upande kwa sauti kubwa zaidi ya hapo. Wameshazoea.

Funga saa 1 na nusu hata kama mkono uko juu. Sadaka, matangazo, maombi, na maombi hayo aongoze aliyezungumza kidogo kuliko wote. Ukifika nyumbani fungua grupu la WhatsApp la jumuiya, weka wasimamizi tu ndio waandike mpaka Jumatatu. La sivyo ile mijadala ya sauti ya dakika nane itaanza saa 5 usiku, na yule aliyefiwa ataisikiliza peke yake. Ujumbe mmoja tu unatosha humo: aliyebaki na swali anipigie mimi au mchungaji.