Namna ya Kukagua Malipo ya Dereva, Utingo na Mfanyakazi wa Ghala

Mtu anayeajiriwa kuendesha lori kutoka bandari ya Kigoma kwenda Kasulu au Kibondo, au kupanga marobota ya tumbaku katika ghala la Tabora au Urambo, mara nyingi hutajiwa jumla ya fedha za mwezi na kuridhika nayo. Kabla ya kutia saini, uliza ni kiasi gani cha fedha hizo ni mshahara wa msingi na kiasi gani ni posho ya safari, kwa kuwa malipo ya saa za ziada, nyongeza ya kazi ya usiku na kiinua mgongo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi. Posho nono juu ya mshahara mdogo hupendeza siku ya kuajiriwa na humpunja mfanyakazi siku ya kuachishwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Ili kupata malipo ya saa moja, zidisha saa hizo kwa 4.333, yaani wastani wa wiki katika mwezi, upate 195, kisha ugawe mshahara wa msingi kwa namba hiyo. Anayelipwa shilingi 390,000 hupata shilingi 2,000 kwa saa; saa ya ziada, ambayo hulipwa mara moja na nusu, ni shilingi 3,000; na kila saa ya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi huongezewa asilimia 5. Weka daftari lako mwenyewe la saa za kuanza na kumaliza kazi, ukiandika pia muda uliongoja kupakiwa, maana huo ndio husahaulika wakati wa kudai.

Eneo lenye ugomvi mwingi ni makato ya mzigo pungufu. Tuseme hati ya mzigo inaonyesha mifuko 600 ya saruji na iliyoshushwa ni 592. Mwajiri hana ruhusa ya kufyeka mshahara papo hapo: ni lazima upotevu uwe umetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kupinga, na akubali deni hilo kwa maandishi. Hata akikubali, makato hayo hayaruhusiwi kuzidi robo ya malipo yake ya fedha. Kwa hiyo hesabu mzigo kabla ya kuondoka, na upungufu wowote uandikwe kwenye hati mbele ya mtunza ghala. Karatasi tupu inayoletwa uisaini “kwa ajili ya utaratibu” usiisaini.

Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Wafanyakazi wa msimu wa tumbaku huambiwa kwamba haiwahusu kwa sababu hawajatimiza miezi sita, ilhali sheria hiyohiyo inawatambua wafanyakazi wa msimu kuwa na haki ya likizo yenye malipo.

Kwenye hati ya mshahara, mchango wa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haizidi nusu yake. Omba taarifa ya michango yako ofisini kwao, kwa sababu kukatwa si ushahidi kwamba fedha zimewasilishwa. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipwa na mwajiri peke yake.

Mazungumzo yakishindikana, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, au siku 30 ikiwa umeachishwa kazi isivyo halali, ukiwa na mkataba, hati za mshahara, nakala za hati za mzigo na daftari la saa.