Unataka kutengeneza plagini ya sauti ya kuuza? Amua haya kabla hujaandika mstari wa kwanza

Plagini ya sauti ni programu ndogo inayofanya kazi ndani ya programu ya kurekodia muziki. Watu wengi swali lao la kwanza ni nitumie lugha gani ya kuandikia msimbo, mimi naona uanze na mteja, yeye anafungua programu gani ya kurekodia? Wa Logic Pro na GarageBand wanatumia plagini za fomati ya AU tu, ukimpa fomati nyingine kama VST3 haitaonekana kabisa. Wa Cubase anataka VST3, wa Pro Tools ni AAX basi.

Kwa hiyo toleo la kwanza toa VST3 na AU, zinatosha kabisa kuanzia. AAX isubiri, maana Pro Tools ya kawaida haifungui plagini ambayo haijasainiwa (kuwekwa sahihi ya kidijitali) kwa zana za kampuni ya PACE, na kabla ya hapo lazima umalizane na Avid, wenye Pro Tools, ni mlolongo. CLAP ni fomati nyingine, ilitoka 2022 kwa mikono ya kampuni za Bitwig na u-he, leseni yake ni MIT (huru, hulipii), mimi naipenda na ningeiongeza mapema ila isikucheleweshe kuingia sokoni. VST2, iliyotangulia VST3, achana nayo, wenyewe Steinberg waliacha kutoa leseni mpya Oktoba 2018, hata ukiokota SDK yake (vifaa vya kuiundia) mahali huna ruhusa ya kuuza.

Sasa zana. Usijiandikie mwenyewe msimbo wa kuongea na kila fomati, utamaliza mwaka hujagusa sauti. JUCE ni maktaba ya msimbo ya lugha ya C++, unaandika mara moja inakutolea VST3, AU na AAX. Lakini soma leseni leo leo, JUCE 8 ni AGPLv3 au leseni ya biashara, yaani kama hutaki kuachia msimbo wako wazi unaingia kwenye ya biashara, na ngazi zake zinaenda na mapato yako. Ukiona hiyo inakubana kuna iPlug2, maktaba nyingine ya aina hiyo, masharti yake ni mepesi zaidi ila mafunzo yake ni machache, utasoma sana mifano.

Hapa kwenye vitambulisho naomba utulie. Kila plagini ina alama mbili za herufi nne, moja ya mtengenezaji na moja ya plagini yenyewe (herufi ya kwanza weka kubwa, tatu zinazofuata ndogo, GarageBand haitakusumbua), na kila kitufe kina kitambulisho chake. Ukishauza usiviguse tena. Mimi niliwahi kubadilisha "Gain" ikawa "gain" kwenye apdeti, nikiona nasafisha tu msimbo, mteja akafungua projekti yake ya zamani kitufe kimerudi mwanzo na otomesheni yote aliyochora (kitufe kujisogeza chenyewe wimbo ukicheza) imekatika, kazi ya mtu ile, iliniuma sana. Jina linaloonekana kwenye skrini badilisha unavyotaka, kitambulisho hapana. Na ukiongeza vitufe vipya kwenye JUCE, vipe namba ya toleo kubwa kuliko vya zamani, la sivyo otomesheni za AU kwenye Logic zinaweza kuhama.

Kwenye msimbo wa sauti wenyewe usiombe memori, usisome faili, usisubiri kufuli linaloshikiliwa na sehemu nyingine ya programu. Bufa (kipande cha sauti kinachochakatwa kwa mkupuo) ya sampuli 64 kwa 44100 Hz, yaani sampuli 44100 kwa sekunde, haifiki hata milisekunde 1.5, ukichelewa hapo mteja anasikia mikwaruzo.

Kupima, pluginval ni programu ya bure ya kujaribia plagini, iweke kiwango cha 10 ikupige mpaka ipite, halafu kwenye Mac endesha auval, zana ya Apple ya kupima AU, maana Logic yenyewe inapima plagini hivyo na ikifeli haiifungui. Baada ya hapo fungua kwa mkono kwenye programu zile zile wateja wako wanazotumia, badilisha bufa wimbo ukiwa unacheza, funga dirisha fungua tena, hifadhi projekti, ifungue upya uone kila kitufe kimekaa pale pale.

Bajeti ya kusaini nayo iweke mapema. Apple ni dola 99 kwa mwaka, unasaini halafu unatuma faili kwenye mfumo wao wa ukaguzi wa mtandaoni uipitishe, bila hivyo Mac ya mteja itaikataa akishaipakua. Na jenga faili moja yenye Intel na Apple Silicon pamoja (aina mbili za prosesa za Mac), wateja wa pande zote mbili bado wapo.