Somo: kuchora ukuta wa ukumbi wa kusubiri

Kabla ya kununua rangi, kaa kwenye benchi. Foleni ikisogea, angalia watu wanaegemea wapi na macho yao yanatua wapi. Michoro katika ofisi zetu za ustawi wa jamii hapa Nairobi huuawa na vitu viwili: vichwa na selotepu.

1. Ruhusa. Andika barua kwa msimamizi wa ofisi, uambatanishe mchoro mdogo. Jengo la kaunti? Kaunti nayo iandikiwe. Ahadi ya mdomo haitoshi, maana wakubwa huhamishwa.

2. Ukuta. Plasta mpya isubiri wiki nne hivi. Pakiwa na unyevu, tafuta bomba linalovuja kwanza.

3. Mpangilio. Hapa ndipo penye kazi. Sehemu inayofikiwa na migongo na vichwa ipake rangi moja iliyokolea, ya kufutika kwa kitambaa. Mchoro uanzie juu yake, kama mita moja na nusu kutoka sakafuni. Kisha waulize wafanyakazi wa ofisi matangazo hubandikwa wapi, uwaachie nafasi hiyo, tena kubwa. Usipowaachia, tangazo la sikukuu litabandikwa usoni pa shosho uliyemchora kwa ustadi wako wote.

4. Rangi. Tumia ya maji. Ya mafuta hunuka, na hapo huketi wajawazito na wagonjwa. Malizia na vanishi ya maji.

MASWALI

Mwanachama, Kayole: Mwalimu, ni ofisi ya watoto. Tuonyeshe dhuluma ili watu waelimike?

Jibu: Hapana. Mama anayefuatilia kesi ya mwanawe anaijua dhuluma kuliko wewe. Ben Shahn, mchoraji wa Marekani, alichora ajira ya watoto na ukosefu wa kazi katika jengo la hifadhi ya jamii mjini Washington, akamaliza 1942. Lakini pale ni ushoroba, watu wanapita, na ukuta wa pili una watu wanaojenga nyumba na kuvuna. Watu wako wameketi, hawana pa kugeukia.

Mwanachama, Umoja: Tunaweza kuchora wakazi halisi?

Jibu: Si kwa sura ya kutambulika. Leo amekubali, kesho majirani watasema ndiye yule wa kuomba msaada. Chora mikono, leso, migongo.

Mwanachama, Kawangware: Pesa ni kidogo, ukuta ni mrefu.

Jibu: Chora kipande kimoja tu, mkabala na benchi lenye watu wengi. Ukuta ulio nyuma yao anautazama karani peke yake.