Kabla Mgonjwa Hajalala Kitandani kwa Wiki Nyingi: Maandalizi kwa Kijana na kwa Mzee

Kabla ya kutafuta godoro, muulize daktari maswali mawili. Je, ni lazima alale? Na kama ni lazima, ni kiungo gani hasa kinachotakiwa kutulia, na kwa siku ngapi? Mwaka 1999 jarida la tiba la Lancet lilichapisha mapitio ya majaribio 39 ya mapumziko ya kitandani katika hali 15 tofauti, yakiwemo maumivu ya ghafla ya kiuno na shinikizo la damu wakati wa ujauzito. Hayakupata hali hata moja ambayo kulala kulileta nafuu ya wazi, na katika baadhi yake waliolala walitoka vibaya zaidi. Hata mama mjamzito anayeambiwa alale wiki nzima ili mimba isitoke au uchungu usije mapema ana haki ya kuuliza sababu: faida ya kulala huko haijathibitishwa, na ujauzito peke yake tayari huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu.

Zipo hali ambazo kitanda hakikwepeki: uti wa mgongo uliovunjika na haujatulia, nyonga iliyopasuka, kiharusi kizito, au paja lililovunjika na kuwekwa kwenye traksheni, yaani mguu kuvutwa kwa uzito unaoning'inia. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki ambako upasuaji wa kuweka chuma hauwezekani mara moja, mguu huo unaweza kuvutwa kwa uzito wiki 6 hadi 12. Lakini aliyevunjika paja la kulia hajavunjika mikono, mapafu wala mguu wa kushoto. Maandalizi yote yanayofuata yanasimama juu ya jambo hilo.

Mwili hauchelewi kujibu. Siku chache za mwanzo figo hutoa maji mengi na ujazo wa damu hupungua, hivyo mgonjwa akija kusimama presha inashuka na macho yanaingiwa giza. Misuli ya mapaja na ya mashavu ya miguu, iliyozoea kubeba uzito, ndiyo inayoyeyuka kwanza. Ya mikono hubaki nyuma kidogo. Mfupa usiobebeshwa uzito hupoteza kalisi, ambayo hupita kwenye mkojo na inaweza kuacha mawe kwenye figo. Moyo nao hulegea. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana 5 wenye umri wa miaka 20 walilazwa wiki 3 wakiwa wazima kabisa. Walipopimwa tena baada ya miaka 30, ilionekana kwamba zile wiki 3 zilipunguza uwezo wa miili yao kufanya kazi kuliko miaka yote 30 ya kuzeeka.

Kwa hiyo ujana si kinga. Tofauti kati ya kijana na mzee iko kwenye akiba. Katika utafiti mmoja wa Marekani, watu wazima wenye afya na wastani wa umri wa miaka 67 walilazwa siku 10 tu wakapoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Vijana waliolazwa siku 28 katika utafiti mwingine walipoteza karibu nusu yake. Wadenmark wa Copenhagen walifunga mguu mmoja kwa wiki 2 wakaona kinyume: vijana walipoteza karibu gramu 485 na wazee karibu gramu 250, kwa kuwa kijana alikuwa na nyama nyingi za kupoteza. Mtu anaweza kudhani tafiti hizi zinapingana, lakini kwa anayeuguza maana yake ni moja. Kijana akipoteza robo ya nguvu za paja bado anainuka kwenye kiti. Mzee ambaye tayari alikuwa akijisukuma kwa mikono ili ainuke, akipoteza kiasi hichohicho, hainuki tena. Na kurudi ni kwa polepole: huko Copenhagen hata wiki 6 za mazoezi ya baiskeli hazikurudisha nguvu zote.

Pima akiba hiyo kabla, kama muda upo. Mketishe kwenye kiti cha kawaida kisicho na magurudumu, akunje mikono kifuani, ainuke na kuketi mara 5 bila kupumzika katikati. Anayezidi sekunde 15, au asiyeweza bila kushika kitu, ni mtu wa kuandaliwa kwa uangalifu wa mzee hata kama ana miaka 45. Andika pia uzito wake, kama anakwenda chooni peke yake, na kama anakumbuka siku na mahali. Kama ameletwa kwa ajali, uliza alikuwa akifanya nini wiki 2 zilizopita. Mpe daktari na mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi) karatasi hiyo, kwa sababu wao wanamwona tayari amelala na hawajui kwamba juzi alikuwa akipanda ngazi na kikapu. Na kama ni upasuaji uliopangwa wa wiki 3 zijazo, wiki hizo ni za kutembea kila siku na kuinuka kitini mara 10 asubuhi, mchana na jioni. Nyama inayojengwa sasa ndiyo itakayoliwa na kitanda baadaye.

Kitanda na ngozi

Vidonda vya kulalia vinaanza pale mfupa unapoibana ngozi juu ya godoro hadi damu isipite. Mahali pake panajulikana: juu ya makalio, nyonga za pembeni, visigino, viwiko, mabega na kisogo. Mzee mwembamba, mwenye kisukari, aliyepooza au anayelala kwenye shuka lenye mkojo anaweza kuanza kidonda ndani ya saa chache. Kijana aliye kwenye traksheni naye yumo: kila anapotaka kujisogeza anasukuma kwa kisigino cha mguu mzima na viwiko vyote viwili, na hapo ndipo ngozi inapochubuka. Omba mshikio wa kuning'inia juu ya kitanda ajiinue kwa mikono. Hakikisha pia uzito wa traksheni unaning'inia huru, haugusi sakafu wala chuma cha kitanda, na ndugu asiunyanyue kwa huruma ili mgonjwa apumzike. Ukinyanyuliwa, misuli ya paja hukaza, mfupa husogea na maumivu hurudi upya.

Andaa godoro la sponji nzito lisilobonyea hadi kwenye mbao, mito 4 au 5, shuka mbili nyembamba za kugeuzia zinazowekwa kuanzia mabegani hadi mapajani, na mafuta mepesi au krimu ya kukinga ngozi na unyevu. Anayeruhusiwa kugeuzwa ageuzwe kila baada ya saa 2, asilazwe ubavu kabisa bali aegemezwe kwa pembe ya kama digrii 30, mto mgongoni na mwingine kati ya magoti. Mto wa kuinua visigino uwe chini ya shavu la mguu kwa urefu wote, kisigino kining'inie. Usiuache mto mmoja chini ya goti mchana kutwa. Goti na nyonga hujikunja na kukaza, na siku ya kusimama mgonjwa hawezi kunyooka. Nyayo zikae wima dhidi ya mto mgumu au ubao uliofungwa kitambaa, ili vidole visianguke mbele. Mpira wa duara wenye tundu katikati, ambao wengi hununua kwa nia njema, uacheni dukani: unabana ngozi kuzunguka tundu na kuzuia damu isifike katikati.

Kagua ngozi asubuhi na jioni kwenye mwanga wa jua au tochi. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu, ila kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Tafuta sehemu iliyokoza rangi kuliko jirani yake, yenye joto, ngumu au inayobonyea kama tope, au inayouma inapoguswa. Ukiiona, mgonjwa asiilalie tena, mwambie muuguzi siku hiyohiyo, na usiisugue.

Miguu, na desturi ya kuchua

Damu isiyosukumwa na misuli ya shavu la mguu hutuama na kuganda. Zoezi lake ni jepesi na halihitaji kifaa: kuvuta nyayo juu na kuzishusha mara 10 hadi 20, kila saa ambayo mgonjwa yuko macho. Aongeze kubana paja kwa kusukuma goti chini kwenye godoro, ashikilie sekunde 5, mara 10, na kubana makalio vivyo hivyo. Kwa mguu uliovunjika, mtaalamu wa fiziotherapia ndiye atakayesema lini na kiasi gani. Uliza mapema kama anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, hasa kama amefanyiwa upasuaji wa nyonga au paja, amewahi kuganda damu, ana saratani, au ni mjamzito.

Mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, ukawa wa moto na shavu la mguu likauma, usichuliwe kwa mafuta ya moto wala kukandwa. Desturi hiyo ni ya upendo, lakini bonge la damu likitikisika linaweza kusafiri hadi mapafuni. Kukosa pumzi ghafla, maumivu makali ya kifua au kukohoa damu ni dharura ya dakika hiyo, usiku au mchana.

Chakula kabla ya dawa za nguvu

Mzee aliyelala na anayeumwa anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mwenye kilo 60 hiyo ni gramu 72 hadi 90, na ni bora igawanywe katika milo yote mitatu kuliko kuletwa yote usiku. Yai lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 kama 25, konzi ya karanga 7. Fanya hesabu hiyo uone jinsi uji mtupu na chai ya rangi vinavyomwacha mgonjwa. Uji upikwe kwa maziwa na unga wa karanga. Supu nayo inaheshimiwa kupita uwezo wake: protini nyingi imebaki kwenye nyama, kwa hiyo kama hawezi kutafuna, nyama isagwe au ichambuliwe ndani ya supu. Angalia meno ya bandia yamo kwenye mfuko wa hospitali. Mwenye ugonjwa wa figo apangiwe na daktari.

Maji lita 1.5 hadi 2 kwa siku, isipokuwa moyo au figo zimemwekea kikomo. Wagonjwa wengi hupunguza kunywa kwa aibu ya kuomba chombo cha kujisaidia, basi chombo kiwe karibu na pazia liwepo. Dawa za maumivu kama tramadoli na mofini hufunga choo. Siku 3 bila choo zitajwe kwa muuguzi. Majimaji yanayovuja kwa mzee ambaye hajapata choo kwa siku nyingi huenda yanapita pembeni ya kinyesi kilichokauka, na dawa ya kuzuia kuharisha itaongeza tatizo. Mpira wa mkojo ukiwepo, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu, na kila asubuhi uliza kama bado unahitajika.

Ale akiwa ameketi wima na abaki hivyo nusu saa, chakula kisiingie mapafuni. Pumzi ndefu 10 kila saa na kukohoa kwa nguvu husaidia kuzuia nimonia.

Akili pia hulala vibaya. Mzee anaweza kuanza kuweweseka jioni, akatafuta mtu aliyekufa zamani au kung'oa dripu; ndugu wakasema amerogwa au uzee umemwingia. Ni dalili ya mwili kuzidiwa, kwa maambukizi, kukosa maji, dawa mpya au mkojo uliozuiliwa, na inatakiwa kuripotiwa. Kinga yake ni miwani, kifaa cha kusikia, saa ya ukutani, dirisha wazi mchana na giza usiku. Kijana mara nyingi huumia kwa njia nyingine: kipato kimesimama, marafiki wamepungua, analala mchana na kukesha na simu. Mpe ratiba, na mtu wa kuzungumza naye kuhusu pesa kwa ukweli.

Siku ya kuinuka

Ipange tangu siku ya kwanza. Mara tu daktari anaporuhusu, kiti chenye mikono na kimo cha kitanda kiwe pembeni, na milo ianzie hapo. Mara ya kwanza wawepo watu wawili. Inua kichwa cha kitanda dakika chache, mketishe ukingoni miguu ikining'inia dakika 3 hadi 5 huku akivuta nyayo juu na kuzishusha, kisha asimame mbele ya kiti. Kama kuna mashine ya presha, pima akiwa amelala na tena ndani ya dakika 3 za kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au akisema kichwa kinazunguka, aketi mara moja na mjaribu tena baadaye siku hiyo. Avae viatu vinavyoshika kisigino, si kandambili wala soksi tupu.

Nyumbani, kitanda kiwe na kimo ambacho akiketi ukingoni nyayo zote zinagusa sakafu. Kapeti zilizolegea ziondolewe, taa ya usiku iwekwe njia ya choo, na magongo au fremu ya kutembelea ipimwe urefu na mtaalamu, maana ikiwa ndefu inainua mabega na ikiwa fupi inamwinamisha mbele. Kurudi kwa nguvu za kijana kuhesabiwe kwa wiki, za mzee kwa miezi. Rudia jaribio la kuinuka mara 5 kila wiki na uliandike kwenye karatasi ileile. Kama wiki 2 zimepita tangu aanze kutembea na namba haijasogea, mrudisheni kwa mtaalamu wa fiziotherapia badala ya kumsubiri apate nguvu mwenyewe.