SOMO: Mbaazi za nazi bila tui kukatika, pamoja na vya kutafuna jioni

Naandika mara moja, ili anayeniuliza tena nimwelekeze huku. Swali ni lilelile kila wiki: ukishaacha nyama, samaki, mayai na maziwa, unakula nini? Huu ni mwaka wangu wa 6 kama vegani, niko Mombasa, na asubuhi nyingi nakula kile alichokuwa akitupakulia bibi: mbaazi za nazi. Humo hamna cha kutoa wala cha kubadilisha. Kinachowashinda wengi ni tui, kwa hiyo somo hili ni la tui kuliko la mbaazi.

Mahitaji: mbaazi kavu nusu kilo, nazi 2 zilizokomaa, kitunguu kikubwa 1, pilipili mbichi 2, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, chumvi.

1. Chagua mbaazi, toa mawe, osha, loweka usiku kucha.

2. Mwaga maji ya kuloweka, chemsha kwa maji mapya mpaka ukibonyeza moja kwa vidole ipondeke. Usitie nyanya, ndimu wala ukwaju saa hii. Uchachu huzifanya zikatae kulainika.

3. Zikune nazi zote 2. Mwenye blenda asage.

4. Tia kikombe 1 cha maji ya vuguvugu, kamua, chuja. Hilo ndilo kasimile, yaani tui zito, liweke kando. Machicha yaleyale yatilie vikombe 2 vya maji ukamue tena upate tui jepesi.

5. Mbaazi zikibaki na maji kidogo, tia kitunguu, pilipili nzima, bizari na tui jepesi. Ziache zichemke mpaka rojo lianze kushika.

6. Kasimile. Hapa ndipo nilipoharibu. Ilikuwa Ramadhani, nina wageni 12 wa futari. Adhana inakaribia, nikalimimina lote kwa mpigo juu ya moto mkali, nikafunika sufuria, nikaenda kupanga vikombe. Nilipofunua, mafuta yalikuwa yanaelea juu, na chini yake chembechembe nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Nikakamulia ndimu nikidhani itaokoa ladha, likazidi kukatika. Wageni walikula kwa heshima, lakini nusu ya sufuria ilirudi jikoni.

Tui ni mafuta na maji yaliyoshikanishwa na protini ya nazi. Moto mkali huigandisha ile protini, mafuta na maji vikaachana, ndimu huharakisha. Kwa hiyo punguza moto mpaka mchemko utulie. Chota upawa wa rojo la moto, lichanganye na kasimile ndani ya bakuli ili lipate joto kwanza. Kisha mimina taratibu huku unakoroga. USIFUNIKE. Usiondoke jikoni hata simu ikilia. Ukiona mapovu madogo pembeni ya sufuria, dakika 5 zinatosha. Tia chumvi, epua. Ndimu ni ya mezani, kila mtu kwenye sahani yake.

7. Kula na mahamri. Ukinunua, uliza kwanza, maana wengine hukandia maziwa au yai. Mimi nakanda kwa tui, hamira, sukari na iliki.

Hamu ya kutafuna ikija jioni, mji umejaa: viazi karai vya unga wa dengu na ukwaju, bajia za kunde, kashata, mabuyu, au krispi za mihogo pale Mama Ngina, kando ya bahari, zikiwa bado na moto, zimenyunyiziwa pilipili na ndimu. Kaimati uliza pia. Wapo wanaotia mtindi.

MASWALI

Kijana wa Likoni: Tui langu limekatika, nifanyeje?

Jibu: Hatua ya 6. Ulifunika?

Kijana wa Likoni: Nilifunika.

Jibu: Basi ndiyo hiyo. Likishakatika ni vigumu kulirudisha. Kula tu, kesho usifunike.

Mla Mshikaki: Bila nyama nguvu utazipata wapi? Hiyo ni njaa ya kujitakia.

Jibu: Mbaazi na kunde zina protini, na ukizila pamoja na nafaka zinakamilishana. Sina njaa, ndugu yangu. Kama una swali la jikoni, karibu.

Haraka Haraka: Magadi nitie kiasi gani?

Jibu: Sijaandika magadi popote. Yanaharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Loweka.

Mama Iliki, Muscat: Dada, naweza kutumia tui la unga? Na mbaazi nzima huku nitazipata wapi?

Jibu: Waweza, mamangu, lakini soma kibandiko, baadhi yana kaseini, ambayo ni protini ya maziwa. Nazi iliyokunwa ya barafu ni bora zaidi. Mbaazi uliza kwenye maduka ya Kihindi, wao huziita toor. Sema unataka nzima, maana nyingi huuzwa zimepasuliwa.

Mpwani wa London: Sisi huku tunazipata kwa Wajamaika, wanaziita gungo. Za kopo zimeshaiva, anzia hatua ya 3.

Binti Mdadisi: Nilipimwa nikaambiwa damu yangu ni kidogo, na nilikuwa nataka kuacha nyama. Niogope?

Jibu: Asante kwa kuuliza kabla ya kuanza. Mwambie daktari nia yako na upimwe tena baada ya muda. Mbaazi na mchicha vina madini ya chuma, ila mwili huyafyonza kwa shida kidogo. Vitamini C husaidia, ndiyo maana ile ndimu ya sahani usiiache. Chai huzuia, hata ya mkandaa, yaani ya rangi bila maziwa, kwa hiyo isubirishe saa 1 baada ya kula. Na vitamini B12 haimo kwenye mimea hii yote. Mimi nameza vidonge, wala sijawahi kuruka.

Binti Mdadisi: Shukran sana. Machicha nayatupa?

Jibu: Usitupe! Yakaange makavu bila mafuta mpaka yawe ya kahawia, tia chumvi na pilipili ya unga, nyunyizia juu ya viazi karai.

Kijana wa Likoni: Nimejaribu sasa hivi, yameungua.

Jibu: Moto mdogo, na mwiko usitulie. Machicha hayana maji ya kuyakinga.